Nilimwambia Ng'ombe Kwamba Nimepunguzwa Kazi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya enzi hizo yameshanitoka. Ilikuwa siku ya mvua, na kwa sisi watu wa Kyela hilo halikusaidii kuijua ni siku gani, maana kwetu mvua ndiyo mwenyeji na jua ndilo mgeni. Nilikuwa binti mbichi, nimeolewa juzijuzi tu, nafanya kazi kwenye mashine kubwa ya kukoboa mpunga pale Bondeni, mjini. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele. Tulikaa wanawake kwenye mikeka, mchele umemwagwa mbele yetu, tunatoa mawe, chenga na punje zilizoharibika, huku tunapiga soga mpaka jioni.

Siku hiyo mwenye mashine alitukusanya akatuambia kwamba ameleta mtambo mpya unaochambua wenyewe. Angebaki na wachache wa kuulisha huo mtambo, na sisi wengine angetupa mkono wa kwaheri. Na kweli alitupa mkono. Alipita mstarini akitushika mikono mmoja mmoja kama mchungaji anavyoshika mikono ya waumini mlangoni ibada ikiisha, na aliyeshikwa alijua kwake kumekwisha. Nilishikwa mkono. Nilikunja kitenge changu nikatoka na mvua ikanipokea nje.

Nakusimulia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Lusajo. Amerudi juzi kutoka Dar es Salaam na mabegi yake yote, hata feni kabeba. Mtu anayekuja kusalimia habebi feni. Nikamuuliza kulikoni, akajibu, "Bibi, najitafuta." Nikamuuliza alijipotezea wapi, labda tukusanyane tukamsaidie kutafuta. Akacheka, akainama kwenye simu yake. Mama yake akawaambia majirani kwamba mtoto yuko likizo. Majirani nao wakaambiana kwamba mtoto kapigwa chini. Yeye mwenyewe yuko chumbani na feni yake, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyesema kilichotokea.

Maneno ya kutoka kazini, mwanangu, ni mengi kuliko kazi zenyewe. Enzi zetu mtu alimwaga unga. Kibarua chake kiliota nyasi. Kitumbua chake kiliingia mchanga. Alifungashwa virago. Wakubwa walikuwa na maneno yao ya ofisini, huyu kasimamishwa, yule kapumzishwa, na hilo la kupumzishwa ukilisikia ghafla unaweza kuuliza mazishi ni lini. Siku hizi mkubwa akiondolewa tunasema katumbuliwa, na kijana akiondolewa anajitafuta. Sina ugomvi na maneno hayo. Mengine yananichekesha hata mimi, na mtu aliyeumia ana haki ya kucheka kidogo. Ila yale niliyoyaona mimi yalinifundisha kwamba neno moja la namna hiyo, likipita mdomo usiokuwa wako, linaweza kukunyang'anya shamba.

Basi siku ile nilipanda baiskeli ya abiria kurudi nyumbani Ikolo. Kijana mwenye baiskeli alinijua, maana alikuwa ananibeba kila mara. Akanyonga pedali kidogo, akageuza shingo akasema, "Mama leo mapema. Au ndiyo kibarua kimeota nyasi?" Alikuwa anatania tu. Mimi nikajifanya natazama mpunga wa watu mabondeni. Angekuwa mwenye akili angesikia kimya changu akanyamaza naye, lakini yeye alisikia kimya changu akaenda kukisimulia kijiweni.

Sasa lazima nikueleze nyumba niliyoolewa, vinginevyo hutaelewa kilichofuata. Mume wangu, Ambwene, alikuwa fundi mwashi, na wakati huo alikuwa Tunduma kwenye ujenzi. Mimi niliishi uwanja mmoja na wazazi wake. Mama mkwe alikuwa rafiki yangu, Mungu amrehemu, mwanamke mpole asiyependa mtu yeyote akose usingizi. Baba mkwe yeye sikuwahi kumwona usoni. Usishangae. Kwetu Wanyakyusa mwanamke alikuwa anamwogopa mkwe wake, na kumwogopa huko hakukuwa kutetemeka, kulikuwa ni adabu yenye sheria zake. Akipita njia hii, wewe unakata kushoto uingie migombani. Akikaa barazani, wewe unazunguka nyuma ya nyumba. Hamkutani macho, hamsemeshani, na jina lake halitoki mdomoni mwako. Hadi leo nakusimulia habari zake zote, ila jina hutalisikia. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na baba wakwe zao harusini wakiwa wamekumbatiana, nami sisemi kitu, mambo yamelegea na labda ni vizuri. Sisi tuliishi hivyo.

Na huyo mzee ambaye sikuwahi kumwona usoni ndiye aliyekuwa ameshika maisha yangu. Alikuwa na shamba la kokoa kule chini karibu na mto, shamba zuri, miti imeshiba, migomba imepandwa katikati kuipa kivuli. Umri ulikuwa umeanza kumshinda. Kabla ya mambo haya alikuwa ametamka mbele ya ndugu zake kwamba shamba lile atalikabidhi kwa nyumba ya Ambwene, na kwa kuwa Ambwene yuko mbali, mkewe ndiye atakayelisimamia. Nilipokuwa na kazi mjini niliona hilo ni jambo jema la baadaye. Nilipotoka pale Bondeni na mkono wangu mtupu, shamba lile ndilo lililobaki. Hakukuwa na kingine.

Nilimkuta mama mkwe jikoni. Nikamwambia yote, mtambo mpya, mstari, mkono. Akaacha ndizi alizokuwa anamenya.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ila baba yako tusimwambie hivyo. Ataanza kuwaza, na akiwaza halali. Nitamwambia wamekupa likizo."

"Likizo ya nini, mama? Mimi nimetolewa."

"Likizo ni neno zuri. Halina makali. Ambwene akirudi atamweleza vizuri, mtu na baba yake."

Nikakubali. Ningefanya nini? Mimi mwenyewe nisingeweza kwenda kumwambia mzee. Maneno yangu yote kwake yalipitia kwa mama mkwe, na yake kwangu vilevile, na hapo katikati mama mkwe alikuwa anayalainisha kwa upendo kama mtu anayechuja pombe. Mzee alikuwa hajawahi kunisikia ninavyosema. Alikuwa ananisikia ninavyosemewa.

Likizo yangu ikaanza kuzeeka. Wiki zikapita, mpunga ukavunwa, mimi bado niko likizo. Mama mkwe akaongeza kwamba nimeomba nyongeza ya likizo. Baadaye akasema nimeambiwa mashine inatengenezwa. Kila nilipojaribu kumwambia tuache, alinishika mkono akasema Ambwene atakuja.

Huku nje neno lilikuwa linatembea. Kule kijiweni kwa waendesha baiskeli kibarua changu kilikuwa kimeota nyasi. Mtoni kwa wanawake wanaofua nikawa nimemwaga unga. Lilipofika sokoni Ipinda lilikuwa limeshakuwa kafukuzwa. Na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Kwenye ile mashine ya mpunga, watu waliowahi kufukuzwa ni wale waliokamatwa langoni na mchele umefungwa kwenye pindo la kitenge. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia mwanamke kafukuzwa pale, haulizi sababu. Anajua ana mkono mrefu. Mwanangu, mimi sijawahi kuchukua hata punje. Nilikuwa nakung'uta kitenge changu kabla ya kutoka ili hata punje iliyojishikiza yenyewe ibaki. Na bado nikawa mwizi, Ipinda nzima, bila mtu kunishtaki.

Ipinda alikuwako bwana mmoja, Gwamaka, mkodishaji wa mashamba, mtu wa kofia na maneno mengi. Alikuwa analitamani shamba la mzee siku nyingi. Aliposikia neno lile hakulala nalo. Alikuja barazani kwa baba mkwe, akasalimia kwa heshima zote, ugonile na ndaga zikapokezana, kisha akampa pole kwa aibu iliyoipata nyumba yake. Mzee akauliza aibu gani. Basi akaambiwa.

Kesho yake mzee akaita ndugu zake wa kiume. Walikaa uwanjani mbele ya nyumba, kwenye vigoda na benchi la kanisa ambalo halijawahi kurudi kanisani. Gwamaka naye alikuwepo. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, upande wa jiko, na kati yetu na wao palikuwa na ukuta wa mianzi ya jiko; nyuma yetu alikuwapo ng'ombe mmoja jike aliyefungwa kwenye kigingi anakula majani ya migomba. Nilikuwa namenya ndizi. Sikuwa namwona mzee, ila sauti yake ilifika vizuri.

"Nilisema shamba la mtoni atalisimamia mke wa Ambwene," akasema. "Leo nalirudisha neno langu. Atalikodi Gwamaka. Nyumbani kwangu nimeambiwa mke wa Ambwene yuko likizo. Njiani nimeambiwa kafukuzwa kwa wizi. Nimewekwa katikati kama mtu asiye na masikio. Mimi sitampa mali mtu ambaye sijui kwake lipi ni la kweli."

Nilimtazama mama mkwe, naye alikuwa anatazama maganda ya ndizi. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, kwa maana alijua likizo ile imetoka mdomoni mwake. Nilikuwa na hasira, mwanangu, ila sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia kwa ule ukimya wa juu ya baiskeli, na nilimkasirikia yule mwenye kofia, na niliikasirikia hata ile adabu yetu ambayo ilinifunga mdomo siku niliyouhitaji.

Nikasimama. Mama mkwe akanidaka kitenge.

"Kaa, mwanangu. Ukimsemesha mkwe watakutoza."

Ni kweli wangenitoza. Mwanamke aliyevunja adabu ile alilipishwa, na si yeye tu, hata wazazi wake kule alikozaliwa waliitwa kuelezwa jinsi walivyomlea. Ningeweza kurudishwa kwetu. Nilijua hayo yote, na bado miguu haikukubali kukaa. Basi nikageuka. Niliupa uwanja wote mgongo, nikamtazama ng'ombe machoni.

"Wewe ng'ombe," nikasema, kwa sauti ya kumfikia ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, "nina jambo nataka kukueleza wewe peke yako. Mimi sikufukuzwa. Sikuacha kazi. Likizo sina. Pale Bondeni wameleta mtambo wa kuchambua mchele, wakabaki na watu wachache, sisi wengine wakatutoa. Nimepunguzwa kazi. Sikuiba hata punje moja, na anayesema niliiba amtaje aliyenikamata. Sina kazi, ng'ombe. Hilo ndilo la kweli, na nimechelewa kukuambia."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Uwanjani nikasikia mtu anasogeza kigoda. Kisha baba mdogo mmoja wa Ambwene, mtu mkali, akaanza kusema kwamba huu ni utovu wa adabu usiopata kuonekana, mkamwana anapaza sauti mbele ya mkwe.

"Kwani hapa kuna mtu aliyesemeshwa?" Ilikuwa sauti ya baba mkwe. "Mimi nimesikia mtu anaongea na ng'ombe. Na ng'ombe ni wangu."

Watu wakakohoakohoa, wale wenye kicheko wakakimeza. Nikasikia mzee anajiweka sawa kwenye kiti chake.

"Ng'ombe," akasema, taratibu kabisa, "huyo aliyekuwa anakusemesha, hiyo likizo ilitoka wapi?"

Ningesemaje, nimchome mama aliyenifunika? Lakini mama mkwe alifuta macho kwa upande wa kanga, akasimama mwenyewe.

"Likizo ni yangu," akasema. "Niliitunga mimi, ili ulale."

"Basi nimeamka," akasema mzee. Na hapo watu wakacheka kweli, hata yule baba mdogo.

Akangoja kicheko kiishe. "Ng'ombe, muulize tena. Anajua nini kuhusu kokoa?"

Hapa, mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kujitia fundi. Gwamaka alikuwa pale anasikiliza, na ulimi wangu ulikuwa umeshapata moto. Ila nilikuwa nimechoshwa na maneno mazuri.

"Ng'ombe, mwambie aliyekuuliza kwamba sijui. Najua mchele. Najua kuona punje mbaya haraka. Kokoa nitafundishwa, na nitafundishika."

Mzee akasema, safari hii kwa ndugu zake, kwamba neno alilolirudisha analitoa tena. Shamba la mtoni ni la nyumba ya Ambwene. Gwamaka akavaa kofia yake akaaga. Mimi nilikaa chini kwenye maganda ya ndizi, nikamkumbatia mama mkwe, tukalia wote wawili na sikumbuki nani alikuwa anambembeleza mwenzake.

Ukidhani hapo ndipo ushindi ulipoishia, bado. Neno lilinirudishia shamba, lakini neno halipalilii. Na mwalimu wangu alikuwa mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Unajua tulifanyaje? Yeye alikwenda shambani asubuhi na mimi mchana. Akifika asubuhi anapita mti kwa mti. Mti unaotakiwa kupunguzwa matawi, anaufunga ukanda wa ganda kavu la mgomba pale hasa panapotakiwa kukatwa. Mti wenye ugonjwa, anauwekea tunda lililooza chini ya shina, amelipasua ili nione weusi wake ulivyoingia. Mimi nikija mchana nayasoma hayo yote. Nakata, nasafisha, natoa yaliyooza nayafukia mbali. Nikikata vibaya, kesho nakuta ukanda mwingine kidogo chini ya pale nilipokata, kama kusema hapa, si pale. Nikikata vizuri sikuti kitu, na mwanangu, siku ya kutokuta kitu nilikuwa narudi nyumbani naimba. Asubuhi moja yeye alikuta nimekuwa nikilima na jembe lenye mpini uliopasuka. Mchana wake nilikuta mpini mpya umeegemezwa kwenye mgomba, umechongwa kwa kimo changu. Mtu ambaye hajawahi kunitazama alijuaje kimo changu, sijui. Niliushika nikakaa nao chini kwa muda mrefu kabla sijaanza kazi.

Msimu wa kuvuna ulipofika nilipasua matunda, nikalaza kokoa mbichi kwenye majani ya migomba ichachuke, nikawa naigeuza mama mkwe akinielekeza vile mzee alivyomwambia. Safari hii hakulainisha neno hata moja, alinifikishia na matusi madogo ya mzee kama yalivyo. Nilipoianika ndipo mikono yangu ilipokumbuka Bondeni. Nilikaa kando ya kichanja nikaichambua kokoa kama mchele. Bapa nje, zilizoota nje, zenye ukungu nje, zilizoshikana nikazitenganisha. Majirani walipita wakinicheka, nani amewahi kuona kokoa inachambuliwa punje kwa punje. Nikawaambia nimezoea.

Mnunuzi alipokuja alizamisha mkono ndani ya gunia langu, akatoa konzi ya kokoa, akainusa, akazipasua kadhaa kwa kisu. Akazamisha mkono tena mpaka kiwiko, akitafuta kule chini walikozoea watu kuficha uchafu. Hakukuta. Akamwita mwenzake aje kuona. Mwaka ule hakuna kokoa pande zetu iliyozidi ya mtoni, na waliokuwa wakinicheka wakaanza kuja na mikeka yao wakiomba niwaonyeshe. Niliwaonyesha. Nilijidai kidogo, sitakudanganya, lakini niliwaonyesha.

Siku hizohizo Gwamaka alipita tena. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ukingoni mwa shamba, na mimi nilikuwa ndani migombani na wala Gwamaka hakujua nipo. Akasifu shamba, akasifu kokoa, kisha akasema, "Mzee, nikodishie na huyo fundi wako anayekuchambulia. Umemtoa wapi?"

"Sina fundi," akasema mzee. "Hilo ni shamba la mkamwana wangu. Mambo ya shamba lake kaulize kwake."

"Yule aliyefukuzwa?"

"Alipunguzwa," akasema mzee.

Basi, hakuongeza hata neno. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la kijiji alichozaliwa, bila kupandisha sauti, na Gwamaka akasema, "Kweli, alipunguzwa," akainamisha kichwa. Mimi kule migombani nilipiga kigelegele. Kilinitoka chenyewe, kirefu, mkamwana mbele ya mkwe, na safari hii hapakuwa na ng'ombe wa kumsingizia. Mzee akaendelea kuzungumza na mgeni habari za mvua kama mtu aliyesikia ndege tu. Sikutozwa kitu.

Shamba lile limenisomeshea watoto. Ambwene aliporudi kutoka Tunduma alinikuta bosi, na alifanya kazi chini yangu bila manung'uniko mengi. Nyumba ninayoishi ni ya kokoa, na meno haya ya bandia ninayokuchekea nayo ni ya kokoa pia.

Lusajo nilimsimulia hivi hivi, jikoni, amekaa kwenye ndoo. Kisha akaniambia, "Bibi, mkataba wangu ulikwisha hawakuuongeza. Sikufanya kosa. Naona aibu tu." Nikamwambia mimi sikutakiwa kuwa wa kwanza kulisikia, baba yake yuko pale nje anatengeneza banda. Akatoka. Nilichungulia dirishani, kwa umri wangu hiyo si dhambi. Nilimwona anasema, nikamwona baba yake anashusha nyundo, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anampa nyundo ya pili.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Kazi itakutoka siku moja, hata ikiwa nzuri namna gani, na ikikutoka litaje jambo hilo wewe mwenyewe, mapema, kwa neno linalolingana na kilichotokea. Umeacha, sema umeacha. Umepunguzwa, sema umepunguzwa. Na ikiwa umefukuzwa kwa kosa lako, hilo nalo mtafute mtu unayemwamini umwambie hivyohivyo lilivyo, maana hapo ndipo unapoanzia kujitengeneza. Utani tumia, sikukatazi, lakini kwanza mwambie ukweli yule ambaye maisha yako yamo mikononi mwake, asije akausikia njiani. Usimwachie anayekupenda akutafutie neno laini, kwa sababu atalitafuta, atalipata, na litawaumiza wote wawili. Ukiona desturi au aibu imekuzibia njia, tafuta upenyo wenye adabu upite, upo. Na siku utakaposikia mwenzako katoka kazini, muulize mwenyewe kabla hujambandika neno, kwani hujui ni shamba gani unamnyang'anya. Halafu kazi inayofuata ifanye kwa mikono ileile uliyotoka nayo, usiidharau mikono hiyo kwa kuwa ilijifunzia mahali pengine.

Nenda salama basi. Kyala, Mungu wetu, akulinde unapoingia kazini na unapotoka, akupe mdomo usioogopa ukweli wako, na akuwekee mtu mmoja mwenye heshima wa kulitamka jina lako vizuri mahali ambapo wewe hupo. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza.